Kocha anasema naogopa, mama anasema najilipua

Barua

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni kijana wa miaka 26, naishi Uyole hapa Mbeya. Nafanya biashara ndogo ya viazi mviringo. Nanunua kwa wakulima wa huko juu Isongole, nawauzia wakaanga chipsi na mama ntilie wa Mwanjelwa na Kabwe. Jioni nacheza kikapu. Nacheza namba moja, yule anayeuleta mpira mbele na kuwagawia wenzake.

Shida yangu iko sehemu mbili, ila naona kama ni ugonjwa mmoja.

Ya kwanza ni ya uwanjani. Mwezi uliopita tulikuwa na bonanza. Zimebaki sekunde chache, tunaongoza kwa pointi moja, mpira ninao mimi. Nikaona mwenzangu kachomoka kuelekea ringini, nikaruka, nikampigia pasi ya nyuma ya mgongo. Jamaa mmoja mrefu akanyoosha mkono tu, akaudaka, akaenda kufunga peke yake. Tukapoteza mechi. Nilizomewa mpaka kituo cha daladala. Tangu siku ile sipigi pasi yoyote yenye hatari. Nikivuka mstari wa kati nampa aliye karibu, basi. Sasa kocha amenitoa kwenye tano za kuanza, na aliniambia mbele ya wenzangu, "Zamani ulikuwa unanipa presha, siku hizi hunipi kitu kabisa."

Ya pili ni hela. Nina akiba ya milioni tatu na laki mbili. Rafiki yangu niliyesoma naye anataka tukodi ekari nne tulime viazi msimu huu wa mvua. Kapiga hesabu, inatakiwa kama milioni nane, na yeye ana milioni moja. Iliyobaki tukope. Kuna mkopeshaji mjini yuko tayari kunipa milioni nne kwa dhamana ya kiwanja alichotuachia marehemu baba, mimi na dada zangu wawili, ila karatasi zote ziko kwangu. Marejesho ni kila mwezi, kuanzia mwezi wa kwanza tangu nichukue mkopo. Rafiki yangu ananiambia mtaka cha uvunguni sharti ainame. Mama akisikia habari hizo anasema mimi ni mkurupukaji, nataka kujilipua, niendelee na magunia yangu mawili matatu nitulie.

Kwa hiyo uwanjani naitwa muoga, nyumbani naitwa mtu wa kujilipua. Mimi ni yupi kati ya hao? Nimesikia uliwahi kufundisha kikapu mashuleni, ndiyo maana nimekuandikia wewe. Mtu anathubutu vipi na bado akabaki ameshika usukani?

Namba Moja, Uyole


Jibu

Marahaba, mwanangu.

Umesikia kweli. Nimewafundisha wasichana kikapu miaka mingi huku nyanda za juu, kwanza Iringa na baadaye Mbeya, kwenye viwanja vya zege ambavyo asubuhi ya mwezi wa saba unaupiga mpira chini na hauinuki, baridi imeuingia. Kwa hiyo niruhusu nianze na kikapu. Habari ya hela tutaikuta mbele.

Umeandika kwamba uliruka, kisha ukapiga pasi ya nyuma ya mgongo. Nina hakika waliokuzomea waliuzomea mgongo. Mimi na mgongo hatuna ugomvi. Bob Cousy wa Boston Celtics alikuwa akizipiga pasi hizo miaka ya 1950, na katika NBA, ligi kuu ya kikapu ya Marekani, aliongoza kwa asisti, yaani pasi zinazozaa pointi, misimu minane mfululizo. Kilichokuponza wewe ni kuruka. Mchezaji aliye hewani na mpira mkononi ana njia mbili tu: autoe, au atue nao mwamuzi apulize kwa kosa la kutembea na mpira. Yule jamaa mrefu nadhani ulimwona. Wengi wanaopoteza mpira wa namna ile huwa wanamwona, ila wanamwona wakiwa wameshatoka ardhini. Kama miguu ingekuwa chini, ungeianza ile pasi, ungeuona mkono wake ukija, ungeirudisha mikono kifuani na kuondoka zako ukidunda. Na kwa kuwa mlikuwa mnaongoza, saa ilikuwa inawafanyia kazi ninyi. Wao ndio walitakiwa wakufuate, wakuchezee faulo ili saa isimame. Ulikuwa na mpira, una uongozi, una muda, na ukautafuta ufundi ambao hakuna aliyekudai.

Hapo ndipo ninapotofautiana na wanaodhani kuna watu wa kuthubutu upande huu na watu waangalifu upande ule, na kila mmoja achague kundi lake. Kwa macho yangu, aliyeshika usukani ni yule ambaye bado anaweza kughairi. Namba moja mzuri anaweza kufanya jambo la hatari karibu kila anapoushika mpira, na bado akawa na pa kurudia. Hakatishi kudunda kabla hajajua anampa nani. Hajipeleki kwenye kona ambako mistari miwili inamzunguka. Akisimama, anasimama kwa miguu miwili, mguu wa egemeo uko imara, na kutoka hapo anaweza kutupa, kupasia au kungoja. Mtazame Muggsy Bogues. Alikuwa na urefu wa sentimita 160, mfupi kuliko wote waliowahi kucheza NBA, na alidumu huko tangu 1987 hadi 2001 akipenya katikati ya watu wa mita mbili na zaidi. Kila kupenya kwake kulikuwa hatari. Lakini mpira wake ulidunda chini kabisa, mahali ambapo mtu mrefu lazima ainame kwanza ndipo aufikie, na akiinama tu Bogues keshapita. Kwa kila mpira mmoja alioupoteza, alikuwa ametoa asisti zaidi ya nne. Muoga huwezi kumwita, na mkurupukaji pia huwezi.

Kuna kitu kingine cha uwanjani ambacho vijana wa mtaani hamkitilii maanani, nacho ni mstari wa kati. Kabla hujauvuka una sekunde nane, na nyuma yako kuna nafasi tele. Ukishauvuka huruhusiwi kurudi, na papo hapo ule mstari unageuka kuwa beki wa sita wa wapinzani. Timu zenye akili zinakungojea hatua moja tu baada ya mstari, pembeni. Nyuma kuna mstari wa kati, ubavuni mstari wa pembeni, mbele yako watu wawili wameinua mikono. Anayenaswa hapo mara nyingi mikono yake haina kasoro. Alivuka hajaamua anakwenda wapi, akategemea kuamua akiwa upande wa pili, na upande wa pili hauna muda huo. Shikilia jambo hili, tutalihitaji tukifika kwa yule mkopeshaji.

Sasa huu ugonjwa wako mpya, wa kumpa aliye karibu na kujificha. Huo nao una historia yake. Tarehe 22 Novemba 1950, Fort Wayne Pistons waliwafunga Minneapolis Lakers pointi 19 kwa 18. Nazungumzia mechi nzima ya NBA, na mpaka leo hakuna mechi ya ligi hiyo iliyokuwa na pointi chache kuliko hizo. Lakers walikuwa na George Mikan, jitu la zaidi ya mita mbili ambalo hakuna aliyelimudu, kwa hiyo Pistons wakaamua kuukumbatia mpira tu, wasitupe wala wasijaribu, mradi Mikan asiushike. Na walishinda! Nakubali, usiku ule woga uliwalipa. Lakini watu walikuwa wametoa nauli na kiingilio kuja kuangalia wanaume wazima wanashikilia mpira, na mchezo ukianza kukosa watazamaji hauna maisha. Mwaka 1954 ligi ikaleta saa ya sekunde 24, yaani timu ikiushika mpira lazima itupe kabla sekunde hizo hazijaisha. Mmiliki wa timu ya Syracuse Nationals, Danny Biasone, ndiye aliyeisukuma, na hesabu yake ilikuwa ya dukani kabisa. Mechi ina dakika 48, yaani sekunde 2,880, na mechi nzuri huwa na mitupo kama 60 kwa kila timu, jumla 120. Gawanya, unapata 24. Leo hata kwenye kanuni za kimataifa ni sekunde 24 hizo hizo.

Nimekuletea kisa hicho ili uone kinachotokea unapompa mpira aliye karibu na kukimbilia pembeni. Saa haisimami. Hatari uliyoikwepa zikiwa zimebaki sekunde 18, mwenzako ataikuta zikiwa zimebaki tano, amepewa mpira mahali pabaya, beki yuko usoni, na lazima atupe hivyo hivyo. Akikosa, kwenye daftari kosa linaandikwa jina lake na wewe unaonekana hukupoteza mpira hata mmoja. Kocha wako ameliona hilo. Maneno yake ya mbele za watu sikuyapenda, mtu mzima angekuita pembeni, lakini alichokiona ni kweli.

Halafu kuna kukosa na kuna kupoteza, na vijana wengi mnavichanganya. Msimu wa 2015–16, Stephen Curry alifunga mitupo 402 ya pointi tatu, idadi ambayo NBA ilikuwa haijapata kuiona. Katika mitupo yote ya pointi tatu aliyojaribu msimu huo, zaidi ya nusu hakufunga. Hakuna kocha aliyemweka benchi kwa hilo. Ukifunga mmoja kati ya mitatu kutoka nyuma ya mstari wa pointi tatu, kila mtupo umekupa wastani wa pointi moja, sawasawa na mwenzako anayefunga nusu ya mitupo yake ya karibu, ya pointi mbili. Kwa hiyo mtu anaweza kukosa mara mbili katika tatu na timu haijapungukiwa na kitu. Tena mtupo ukikosa, mpira unagonga chuma, wenzako wanaugombea, ndiyo ribaundi hiyo, na wale wa nyuma wameshaanza kurudi kuzuia. Pasi ikiibwa katikati ya uwanja mambo ni tofauti. Wenzako wote wanaelekea mbele, migongo iko kwa adui, na mwizi anakimbia peke yake kama alivyokimbia yule wa kwenu. Hata katika kupoteza kuna nafuu na kuna balaa. Mpira uliotoka nje ya mstari umeupoteza, sawa, lakini mwamuzi amepuliza, mnarudi, mnajipanga. Nilikuwa nawaambia wasichana wangu, ukiona pasi imeshaharibika mkononi, bora uitupe kwa mashabiki.

Nilikuwa na binti mmoja kutoka Kilolo, mdogo wa umbo, mkimya, aliyeiba mipira mingi kuliko timu nzima ikijumlishwa. Watu walidhani ana bahati. Kutoka benchi ulikuwa unaona anachokifanya: kabla hajaruka kuikata pasi, shingo iligeuka nyuma kidogo, kiasi cha kupepesa jicho. Alikuwa anatazama kama kuna mwenzake kati ya ringi na mtu atakayebaki huru endapo mkono wake hautaufikia mpira. Akimwona mwenzake, anaruka bila huruma. Asipomwona, anabaki na mtu wake hata kama pasi inapita laini mbele ya pua. Kunyoosha mikono niliwafundisha wote. Kugeuza shingo alikuja nako kutoka kwao.

Basi na wewe geuza shingo, tutazame hizo ekari nne.

Tuanze na marejesho. Mwezi wa kwanza unatakiwa ulipe. Viazi vinakaa ardhini miezi mitatu hadi minne. Utalipa na nini? Na biashara ya magunia? Mtaji wake ndio huo wa milioni tatu na laki mbili, nao wote umeshafukiwa Isongole pamoja na mbegu. Yaani siku unayosaini, umetoka ardhini. Huwezi kusimama, huwezi kurudi, unaweza tu kuomba Mungu kwamba hakuna mkono mrefu mahali fulani. Mkopo wenyewe mimi siuchukii, watu wanakopa na wanajenga. Ninaouchukia ni mkopo ambao marejesho yake yanakomaa kabla ya kiazi kukomaa. Ukija kukopa siku moja, tafuta wanaokubali kulipwa baada ya mavuno, na yote hayo uyaulize ukiwa bado upande wako wa uwanja, kabla ya saini.

Kiwanja ni jambo zito zaidi. Kiwanja ni chenu watatu. Kukaa na karatasi kabatini hakukufanyi kuwa mwenye mali. Kama mirathi ya baba haijafunguliwa mahakamani, akateuliwa msimamizi, kila mtu akajua chake, basi huna dhamana ya kumpa mtu. Ukiitoa kimyakimya umewapigia dada zako pasi ambayo hawajui inakuja, na itawagonga usoni. Na huyo mkopeshaji aliye tayari kukipokea kiwanja cha marehemu bila kuuliza dada zako wako wapi, jiulize anakitaka kiwanja au anataka riba. Bei ya viazi ikianguka, umekosa mtupo. Utauza kwa hasara, utanuna wiki mbili, wateja wako wa Mwanjelwa wapo, msimu ujao utajaribu tena. Kiwanja kikienda hakuna ribaundi.

Huyo rafiki yako na uvungu wake. Ni kweli, anayetaka cha uvunguni ainame. Lakini hakuna aliyesema azame mzima huko gizani kabla hajamulika kama kuna nyoka.

Baada ya kusema hayo, sitaki udhani niko upande wa mama moja kwa moja. Wazo la shamba ni zuri, na lina uzuri ambao hata rafiki yako sijui kama ameuona. Wakulima wengi wanavuna kwanza ndipo wanatafuta mnunuzi, na anayewakuta ni dalali. Wewe wanunuzi unao tayari. Unajua mkaanga chipsi anataka kiazi cha ukubwa gani, unajua bei inapanda lini na inalala lini, na gunia la lumbesa unajua linavyomnyonya mkulima, maana umesimama upande wa pili wa gunia. Hiyo ni nafasi iliyo wazi kabisa chini ya ringi. Ukiiacha ipite kwa sababu ya ile pasi ya bonanza, hapo nitakubaliana na kocha. Na akiba inayokaa tu nayo ina saa yake, kila mwaka inanunua magunia machache kuliko mwaka uliotangulia.

Lakini shamba lina mikono mirefu yake, na mkulima anatakiwa aijue kwa majina. Wa kwanza ni baka chelewa, ugonjwa wa majani ya viazi. Linapenda hali yetu hii hii ya ukungu, ubaridi na mvua zisizokatika. Siku unapoingia shambani ukakuta majani yana mabaka meusi kama yamelowa maji, umechelewa tayari, shamba linaweza kuteketea ndani ya siku chache. Dawa ya kinga inapigwa kabla hujaona chochote, na inarudiwa, na mvua zikikaza unairudia kwa karibu zaidi. Kwa hiyo hela ya dawa haiwezi kuwa hela ya "tutaona huko huko". Nimeona watu wakipanda ekari nyingi, mbegu safi, mbolea ya kutosha, halafu katikati ya msimu wanazunguka kuazima pampu na hela ya dawa. Ekari ambayo huwezi kuilinda usiipande.

Wa pili ni mnyauko wa bakteria. Huu unaingia na mbegu mbaya na unakaa ardhini, na hakuna dawa ya kupiga ikaisha. Uliza shamba mnalotaka kukodi lilipandwa nini misimu iliyopita. Kama ni viazi juu ya viazi, au viazi na nyanya kwa kupokezana, kimbia. Nyanya na kiazi ni ndugu, magonjwa wanaambukizana. Kama lilikuwa na mahindi au ngano, hapo mnaweza kuzungumza. Swali hilo usimuulize mwenye shamba, yeye anataka kodi. Muulize jirani. Na kuhusu mbegu, una bahati unaishi Uyole. Kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI kiko hapo hapo kwenu, wanashughulika na viazi, nenda ukaulize mbegu safi inapatikana wapi na inafaa mwinuko gani. Ni safari ya daladala.

Pendekezo langu ni ekari moja. Kwa hesabu ya rafiki yako mwenyewe, ekari moja ni milioni mbili. Yeye atoe milioni yake, wewe utoe moja na nusu. Milioni mbili ziingie shambani, laki tano zikae pembeni kwa dawa za ziada na dharura, na zisiguswe hata kama mmoja wenu ana harusi. Wewe unabaki na milioni moja na laki saba za kuendeshea magunia, na magunia ndiyo yatakayokulisha wakati kiazi kiko chini. Shamba likikataa kabisa, umeumia, lakini biashara inatembea, kiwanja kipo, na dada zako wanapokea simu yako. Likikubali, msimu unaofuata unaongeza kwa hela ya shamba lenyewe, na utakuwa unajua mambo ambayo leo mnayakisia tu.

Andikishaneni, hata kama mmesoma wote. Nani ametoa kiasi gani, nani analala shambani kipindi cha kupalilia na kuinulia matuta, faida inagawanywaje, na mmoja akichoka katikati itakuwaje. Mpate shahidi mtu mzima. Urafiki haufi kwa karatasi, mara nyingi unakufa kwa kukosa karatasi.

Mama naye nenda ukakae naye vizuri, siyo kwa kupita mlangoni. Alichokipinga ni ekari nne na kiwanja cha mumewe. Ekari moja bila mkopo hujawahi kumuuliza. Mpelekee hesabu kwenye daftari, na umwambie wazi kwamba kiwanja kimetoka kwenye mazungumzo. Usishangae akakupa na laki mbili zake.

Rafiki yako akikasirika kwa zile ekari tatu zilizokatwa, mwulize marejesho ya mwezi wa kwanza angeyalipa na nini. Akikujibu kwa hesabu, mnaweza kulima pamoja. Akikujibu kwa methali nyingine, lima peke yako nusu ekari.

Nimalizie na uwanja, maana najua huko ndiko moyo ulikobaki. Fika mazoezini mapema na wenzako wawili, mmoja wa kukimbia na mmoja wa kukuzuia. Kwa muda mtakaokubaliana, usipige pasi hata moja ukiwa hewani. Penya, simama kwa miguu miwili kwa pamoja, mpira kwenye mikono miwili, onyesha pasi ya uongo kwanza, ndipo utoe ya kweli au ughairi. Kughairi nako kufanyiwe mazoezi, wengi hawakufanyii. Mvua zikianza, zege likilowa, ndiyo utaona faida yake: anayezoea kuruka anateleza, anayezoea kusimama anasimama. Na ukishapokea mpira nyuma, amua upande utakaokwenda kabla ya mstari wa kati, na macho yawe kwa yule beki wa msaada anayesimama karibu na ringi, siyo kwa yule anayekukaba. Anayekukaba unamsikia hata bila kumwangalia.

Kisha mtafute kocha akiwa peke yake. Usiende kuomba namba. Mwambie unataka kuanza tena kupiga pasi ngumu, na unataka mkubaliane ni zipi na wakati gani. Kwa mfano robo tatu za kwanza upewe ruhusa ya kumlisha anayechomoka kuelekea ringini, hata ukipoteza moja mbili asikutoe. Dakika mbili za mwisho mkiongoza, mpira unabaki mikononi mwako mpaka wakuchezee faulo, na kwa hiyo mitupo huru uifanyie kazi kila siku, kwa sababu huko ndiko watakakokupeleka. Mkiwa nyuma, ruhusa inarudi. Makocha wengi hawachukii hatari, wanachukia kushtukizwa. Akikataa pasi zako zote, mwulize ni ipi moja anayoweza kuivumilia, na uanze na hiyo.